Kilichojaza diski

Kompyuta ya kikundi chetu, tunayoitumia watu wanne hapa Kisangani, ilikataa kuhifadhi faili mpya: nafasi imekwisha. Kila mmoja alikuwa na mshtakiwa wake. Huyu alitaja sinema, yule picha za harusi. Mimi niliomba tupime kwanza, ndipo tuhukumu.

Tulifungua WinDirStat, programu ya bure inayochora diski nzima kama shamba lililogawanywa viraka. Faili ikiwa kubwa, kiraka chake ni kikubwa. Mchoro wa namna hiyo ulibuniwa na Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwaka 1990, kwa shida kama yetu: diski ya megabaiti 80, watumiaji 14, na ilikuwa vigumu kujua nani ameijaza.

Sinema zilikuwa kiraka kidogo. Kiraka kilichofunika karibu theluthi ya diski ya gigabaiti 128 kilikuwa changu: saa 60 za ngano nilizorekodi kwa wazee, kwa Kiswahili na Kilingala. Sauti ya WAV yenye ubora wa CD hula megabaiti 10 na zaidi kila dakika; jumla gigabaiti 38. Maandishi ya ngano hizo hayakufika megabaiti 5. Kiraka chake hakikuonekana.

“Maandishi unayo,” mwenzangu akasema. “Futa sauti.”

Hesabu ilikuwa upande wake. Lakini katika Kilingala, kokoma ni kuandika; kokóma, toni ikipanda katikati, ni kufika. Maandishi ya kila siku hayaweki alama hiyo, na kazi ya kuiweka kwenye ngano zangu ilikuwa bado mbele: hufanywa kwa kusikiliza tena. Wasimulizi wawili wamekwisha kufariki. Sauti ikifutwa, hakuna wa kumrudia na kumwuliza.

Basi tuligeuza rekodi zote kuwa FLAC, mfumo unaobana sauti bila kupoteza chochote. MP3 hubana zaidi, lakini hutupa sehemu ya sauti. Zikabaki gigabaiti 20 hivi, na kompyuta ikapumua. Nakala ya pili iko kwenye diski ya nje, katika nyumba nyingine.

Wenzangu mnaokusanya ngano, pimeni kabla ya kufuta. Na mkishapima, jiulizeni ni kitu gani kimo katika sauti ambacho maandishi yenu hayajakibeba.