Kiti cha Denmark, mbao za Kongo, fundi wa Bwera

Kiti cha Safari, kilichochorwa na Kaare Klint mwaka 1933, ni fahari ya Denmark. Hapa Copenhagen ninapoishi hukiona kwenye madirisha ya maduka ya samani ghali: miguu ya mbao nyepesi, kikalio na mgongo wa turubai, mikono ya mikanda ya ngozi. Hakihitaji msumari hata mmoja. Ukilegeza mikanda, kiti kizima kinafunguka vipande, unavifunga na kuvibeba kwapani.

Asili yake lakini si ya hapa. Klint alikiona katika picha za safari za Martin na Osa Johnson, mume na mke Wamarekani waliopiga filamu za wanyama Afrika. Nacho kiti cha picha hizo kilitokana na kile cha maofisa wa jeshi la Uingereza, kilichobuniwa Roorkee, India, mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo kimepita India, kikapita kambi za wawindaji kwetu Afrika, ndipo kikafika karakana za Copenhagen na kupata jina la Klint. Leo watalii wanaokuja Hifadhi ya Queen Elizabeth, inayouzunguka mji wetu wa Kabatoro magharibi mwa Uganda, huona viti vya ukoo huo kuwa ndiyo Afrika yenyewe.

Hakuna anayemwita Klint mwigaji. Alipoanza kufundisha usanifu wa samani katika chuo cha sanaa cha kifalme mwaka 1924, aliwapa wanafunzi kazi ya kupima viti vya kale vya Waingereza, vya Wachina na vya Misri, inchi kwa inchi, kisha wachore vyao. Kabla ya kuchora kabati alipima sahani na mashati yatakayokaa ndani. Baada yake Hans Wegner aliona viti vya Kichina vya enzi ya Ming, na mwaka 1944 akatoa kiti chake alichokiita cha Kichina bila haya. Kutokana na kazi hiyo kikazaliwa kile cha mwaka 1949 chenye mgongo wa herufi Y, ambacho kikalio chake husukwa kwa mkono kwa kamba ya karatasi ya mita 120 hivi. Wadenmark huyaeleza yote hayo katika jumba lao la makumbusho: hiki kilitoka wapi, nani alikibadilisha, alibadilisha nini.

Sasa nenda Bwera, huko huko kwetu. Kando ya barabara iendayo Mpondwe, mpakani mwa Kongo, utakuta seremala chini ya paa la mabati, randa mkononi, vitanda na makochi yamepangwa nje yakila vumbi. Mbao zake zimevuka kutoka Kongo kupitia Kasindi. Mteja anamwonyesha kwenye simu picha ya sofa ya Dubai au Istanbul. Fundi anaikuza kwa vidole viwili na kuuliza mlango wa sebule una upana gani. Kisha anapunguza mkono wa kochi, anainua kikalio kwa sababu mama mwenye nyumba anaumwa magoti, na kwenye fremu ya mgongo anachonga maua aliyoyaona Butembo. Mteja akienda nyumbani anasema, "Amenikopia vizuri."

Hapo ndipo ninapogombana na ndugu zangu. Kukopi kungekuwa kuchukua kama kilivyo. Huyu amechukua Uturuki, Kongo na goti la mama akatengeneza kitu ambacho hakikuwepo. Klint alifanya hivyo hivyo. Pwani ya Waswahili nayo ilifanya hivyo zamani: kiti cha enzi cha Lamu, cha mpingo na nakshi za pembe za ndovu, kina damu ya Arabuni, ya India na ya Wareno, na bado kila mtu anajua ni cha Mswahili. Hata Kasese, makao makuu ya wilaya yetu, ni mji wa mchanganyiko. Reli ilipofika mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, ilileta watu wa makabila mengi, na maduka ya Wahindi yalikuwepo mpaka Rais Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972. Watu hao wote walihitaji mahali pa kulala na pa kukalia.

Nionavyo mimi, tofauti kati ya Klint na fundi wa Bwera iko penye mambo mawili, na kipaji si mojawapo. La kwanza ni ukavu wa mbao. Huku Denmark mbao za samani za ndani hukaushwa mpaka maji yabaki asilimia 8 hadi 10, na kanuni ya zamani ya mafundi wanaokausha kwa hewa ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwetu mbao hufika mbichi, mteja anataka meza kabla ya harusi ya Jumamosi, na jua la ikweta linamaliza kazi: miezi michache, uso wa meza umepasuka katikati. Lawama anabeba fundi, ilhali aliyekataa kusubiri ni mteja.

La pili ni karatasi. Vipimo vya Klint vipo, mtu yeyote anaweza kuvisoma. Vipimo vya fundi wa Bwera viko kichwani mwake na kwenye ukuta wa karakana alikoandika kwa penseli. Ukuta ukipakwa rangi, sofa ile imekufa.

Tusijidharau, hata hivyo. Huku Ulaya kiti kimepimwa kwa mwili wa wastani, na wewe ndiye unayejirekebisha. Mwaka 1956 IKEA ya Sweden ilianza kuuza samani zilizofungashwa bapa, na tangu hapo mteja ndiye seremala, amepiga magoti sakafuni na ufunguo mdogo akitafuta skrubu iliyopotea. Mguu ukivunjika hakuna wa kumwita. Bwera unamwita aliyekitengeneza. Anakuja na gundi, na habari za msiba wa jirani unazipata hapo hapo.

Nikifikiri hivyo naona kiti cha Klint kinaifaa Kabatoro kuliko Copenhagen. Kwetu chumvi ni mali na ni adui. Kiwanda cha chumvi cha Katwe kilichojengwa kwa mitambo ya Kijerumani miaka ya 1970 kilikwama mapema, maji ya ziwa yalipokula mabomba. Chuma cha mabomba kikishindwa, msumari wa kochi utaponea wapi? Kiti kisicho na msumari, kinachopakiwa bapa nyuma ya boda boda mpaka ziwani, ndicho chetu. Turubai tuliache, kikalio kisukwe kwa mafunjo kama mikeka yetu. Miguu iwe ya mbao ya Kongo iliyokauka kweli.

Safari ijayo nyumbani nitamwagiza fundi viti vya namna hiyo. Mbao nitanunua mapema, zikae kivulini hadi atakaposema yeye kuwa zimekauka, na muda huo wa kusubiri nitaulipia. Mchoro wenye vipimo tutatoa nakala mbili, moja yake, moja yangu. Na chini ya kila kikalio achonge jina lake na mwaka. Mwana wa Bwera akitaka kukopi baadaye, ajue anakopi kwa nani.