Kondensateri Inapokauka

Ampli ya kanisa ikianza kunguruma, mara nyingi tunatafuta mtu wa kulaumu mbele ya kutafuta sababu. Mimi ni fundi wa redio na televizio hapa Kolwezi, na hayo nimeyaona zaidi ya mara moja. Katika kwaya moja, ambayo sitaitaja, kijana aliyekuwa anawasha ampli kila Dimanshi aliambiwa: "Ni weye njo uliiharibisha." Walitaka wazazi wake walipe. Nilipoifungua nilikuta kondensateri mbili zimevimba kichwa. Zilikuwa na miaka mingi. Kumsingizia mtu ni dhambi, hata kama ni juu ya ampli.

Kondensateri ni kale kakopo kanakosimama sawa ngoma ndogo karibu na transfo. Ndani kuna kanda mbili nyembamba za aluminiumu zilizokunjwa pamoja, na katikati yake karatasi iliyolowa maji ya dawa. Juu ya aluminiumu kuna ngozi ya oksidi, nyembamba sana. Ile ngozi njo inazuia umeme usipite.

Kazi yake ni kuweka akiba. Umeme wa SNEL unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, lakini ampli inataka umeme wa njia moja, uliotulia. Dioda zinaugeuza, kakopo kanajaa unapopanda, kanatoa unaposhuka, sawa pipa la maji mu nyumba ambamo bomba inakatika-katika. Pipa tunalijua vizuri hapa kwetu! (Ajabu ni hii: tangu 1982 umeme wa Inga unafika Kolwezi kwa waya wa kilometa karibu 1.700, nao ni wa njia moja. Hapa unageuzwa kuwa wa kwenda na kurudi, kisha redio yako inaugeuza tena.)

Sasa, yale maji ya ndani njo udhaifu wake. Kopo limezibwa na mpira, na mvuke unapita kidogo kidogo, miaka na miaka. Joto linaharakisha. Hesabu ya mafundi ni kwamba kila digrii 10 zikiongezeka, maisha yake yanakatwa nusu. Kondensateri ya saa 2.000 kwa joto la 85 °C inaweza kufika saa 16.000 kwa 55 °C. Halafu mama mwenye nyumba anatandika kitambaa kizuri juu ya ampli na kuziba matundu yote, na vumbi la malori ya mgodi linamalizia. Mama, kitambaa kiende juu ya meza.

Maji yakipungua, akiba inapungua, kakopo kenyewe kanapata moto zaidi, na bafle zinaanza kulia "mmmm". Gesi ikijaa, kichwa kinavimba. Ile alama ya msalaba iliyokatwa juu yake ni kusudi ipasuke polepole, isilipuke. Volti zikipita zile zilizoandikwa, ao plasi na minusi zikigeuzwa, ngozi ya oksidi inaharibika mara moja. Hata kukaa miaka bila kuwashwa kunaidhoofisha. Na si kila mara kosa ni la mtumiaji: mwanzo wa miaka ya 2000 kompyuta nyingi duniani zilikufa kwa sababu viwanda vilitia maji mabaya ndani.

Vijana wanaopenda kufungua vyombo, sikieni. Televizio iliyochomolewa inaweza kushika volti 300 na zaidi. Pima kwanza, kisha toa ule umeme kupitia rezistansi, hapana kwa turunevisi. Kondensateri mpya iwe na mikrofaradi zile zile, volti zile zile ao zaidi, na afadhali ile ya 105 °C. Zile zinazong'olewa mu vyombo vya zamani na kuuzwa sokoni, mimi siziweki: zimekwisha kukauka nusu, na baada ya miezi michache mtu atarudi kwako na ampli ile ile.