Chungu cha Togwa Mpui

Ukitoka Sumbawanga mjini kuelekea Tunduma, kabla hujafika Laela, utapita Mpui. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na abiria walizoea kushuka na kusukuma gari. Tangu barabara ilipowekwa lami, kazi ya msafiri ni kukaa kwenye kiti na kutazama nje. Na cha kutazama kipo. Nchi ya Ufipa iko juu, sehemu nyingi zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, nayo ni wazi, miti michache, majani yakiyumba hadi jicho linapochoka. Upepo wake wa Juni na Julai hauna huruma na mama aliyesahau sweta nyumbani.

Mashamba yake yana sura yake. Mfipa wa asili hakulima kwa kuchoma majani tu. Aliyakata, akayarundika na kuyafukia chini ya udongo katika vilima vidogo vya duara, yakaoza humo yakawa mbolea. Msimu wa kwanza hupandwa maharage na mboga juu ya kilima. Baadaye udongo husambazwa na ulezi ukapandwa. Siku hizi mahindi yamechukua nafasi kubwa, na mbolea ya viwandani nayo imefika, lakini vilima hivyo bado utaviona. Nimevitaja kwa sababu wenyeji hawa walijua tangu zamani kwamba kuna kuoza kwa hasara na kuna kuoza kwa faida, na habari ninayotaka kuwasimulia akina mama wenzangu ni ya namna hiyo hiyo, ila si ya shambani. Ni ya jikoni.

Nilikwenda Mpui kumwona wifi yangu, ambaye mkamwana wake alikuwa amejifungua mtoto wa pili. Mtoto wa kwanza, wa miaka miwili, alikuwa ametoka kuugua kifua. Alipewa dawa za antibayotiki, kifua kikapona, lakini tumbo likaharibika. Mara tatu, mara nne kwa siku anaharisha. Mkamwana, ambaye amekulia mjini, alikuwa amenunua duka moja la dawa kopo la vidonge vya bakteria wazuri wa tumbo, kwa bei inayokaribia debe la mahindi. Wifi hakusema neno mbele yangu. Lakini aliponiletea kikombe cha togwa, alikiweka mezani kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, nami nikaelewa kwamba nyumba hii ina mjadala.

"Wifi, kunywa," akaniambia. "Hii nayo inasemekana ni ya kishamba."

Togwa ya Mpui hupikwa hivi. Ulezi huloweshwa siku nzima, kisha hutandazwa na kufunikwa kwa gunia lenye unyevu siku mbili tatu mpaka uote. Ukishaota huanikwa juani na kusagwa. Unga wake ndio kimea. Halafu hupikwa uji mwepesi wa mahindi au wa ulezi, uive hasa, si wa kubabaisha. Uji huepuliwa upoe. Hapo wifi ni mkali: "Uji wa moto unaua kimea. Subiri kidole kivumilie." Ndipo hutiwa kimea, na kikombe cha togwa ya jana iwe kianzio, chungu kikafunikwa. Nchi ya joto, kesho yake imeiva. Juu kule kwenye baridi, chungu husogezwa karibu na mafiga na pengine huhitaji usiku wa pili.

Ndani ya chungu hicho kuna kazi mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni ya kimea. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari, na vikiingia kwenye uji mzito huufanya ulainike na kuteremka. Jambo hili si dogo kwa mama mwenye mtoto anayeanza kula. Uji mzito mtoto hawezi kuumeza. Ukiuongeza maji ili aumeze, anashiba maji. Kwa kimea, unga unabaki mwingi na uji unanyweka. Wataalamu wetu wa lishe waliliandika jambo hilo tangu miaka ya 1980, lakini bibi zetu hawakungoja waandikiwe.

Kazi ya pili ni ya bakteria. Wanakula ile sukari na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, asidi ile ile inayofanya mtindi uwe mchachu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Norway, waliwachunguza wakaazi wa togwa na kutoa matokeo mwaka 2003. Walikuta bakteria wa jamii ya laktobasilasi wa aina kadhaa pamoja na hamira za asili. Uchachu ukishakolea, vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi kustawi humo. Kwa mama asiye na jokofu, anayepika uji asubuhi na kumwachia dada wa mtoto mpaka jioni, uchachu huo ni mlinzi. Uji wa kawaida uliokaa kutwa ni hatari kuliko togwa iliyokaa kutwa.

Je, mtoto anafaidika kweli? Mwaka 1994 Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na mwenzake Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha habari za vijiji viwili vya nchi yetu, kimoja ambako watoto walizoea uji uliochachuka na kingine ambako hawakuuzoea. Walifuatilia watoto wa chini ya miaka mitano kwa miezi 9. Kijiji cha uji mchachu, mtoto aliharisha wastani wa mara 2 na kidogo. Kile kingine, mara 3 na nusu. Mtu mwangalifu atasema vijiji viwili hutofautiana kwa mengi zaidi ya uji, nami nakubali. Lakini mwaka 1999 Rose Kingamkono na wenzake walitoa jaribio jingine: watoto wa chini ya miaka mitano walipewa togwa mara moja kwa siku kwa siku 13. Mwanzoni zaidi ya robo yao walikutwa na vijidudu vya kuharisha kwenye choo. Baada ya wiki moja walikuwa wamebaki chini ya mmoja kati ya kumi.

Sasa vile vidonge vya mkamwana. Mwaka 2001 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo walikubaliana kwamba probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa wingi wa kutosha, humletea faida ya afya anayevitumia. Kila neno hapo lina uzito. Hai, maana vilivyokufa juani kwenye rafu ya duka hatujui vimebakiza nini. Kwa wingi wa kutosha. Tena faida iwe imepimwa kwa aina ile ile ya kijidudu, si kwa binamu yake. Kwa kipimo hicho kikali, togwa ya wifi ni chakula kizuri kilichochachuka, lakini hatuwezi kuiita probayotiki kwa hakika, kwa sababu kila chungu kina wakaazi wake. Na vidonge navyo si muujiza. Baadhi vimeonekana kupunguza kuharisha kunakoletwa na antibayotiki, kwa maana dawa hizo hufagia bakteria wabaya pamoja na wazuri. Lakini kwa kuharisha kwa kawaida kwa watoto, majaribio mawili makubwa ya Marekani na Kanada yaliyotolewa mwaka 2018 hayakuona tofauti kati ya waliopewa vidonge hivyo na waliopewa vya bandia.

Kwa hiyo nilimwambia mkamwana, mbele ya mama mkwe wake ili pasiwe na mshindi, kwamba mtoto anayeharisha anahitaji kwanza maji ya ORS, kidogo kidogo na mara kwa mara, na dawa ya zinki siku 10 hadi 14 kama wanavyotoa zahanati, na aendelee kula. Togwa ni sehemu ya kula huko. Haichukui nafasi ya ORS. Na mtoto mwenye macho yaliyodidimia, anayelegea, asiyeweza kunywa, au mwenye damu kwenye choo, huyo habembelezwi nyumbani kwa kikombe cha aina yoyote. Anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Wapo akina mama waliounganisha chungu na maabara. Mwanza, mtaa wa Mabatini, kikundi cha Tukwamuane kilianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wenye bakteria waliochaguliwa, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, shirika la Kivulini na taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mtindi wao waliuita Fiti. Wengi waliokunywa walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, na utafiti juu ya kinga zao haukutoa jibu moja. Lakini hao akina mama walipata kazi, na majirani wakapata maziwa salama. Uganda nao wameuza pakiti ndogo za kianzio zinazoitwa Yoba, ambazo mama huweza kuchachusha maziwa, hata bushera, ambayo ni ndugu wa togwa yetu.

Nirudi kwa wifi, maana tulikesha jikoni tukizungumza na yapo niliyomkumbusha. Chungu kizuri hakisafishi nafaka mbovu. Ulezi au mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kwa kuchachusha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kimea chenye harufu ya ukungu kitupwe, hata kama roho inauma. Maziwa ya mtindi nayo yachemshwe kabla ya kugandishwa, kwa sababu maziwa mabichi huweza kubeba kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe. Na togwa ikizidi siku zake inaelekea kuwa pombe, jambo ambalo Ufipa halihitaji mwalimu. Ya mtoto inywewe ikiwa changa. Bakteria wenyewe, ukishawapata, wanapenda kulishwa: maharage, mboga za majani na ugali wa ulezi usiokobolewa, ambavyo Mpui havina upungufu.

Asubuhi ya tatu tumbo la mtoto lilikuwa limetulia. Ilikuwa togwa, au vidonge, au zinki, au ni siku tu zilizotimia? Sitadai kujua. Kila mmoja pale nyumbani alikuwa na jibu lake, na wote walikuwa wanacheka.

Mkamwana alinisindikiza hadi barabarani, kichanga mgongoni. Tukiwa tunangoja gari aliniuliza kwa sauti ya chini, asije akasikiwa, "Mama, na huyu mdogo nimwonjeshe togwa lini?" Alikuwa na wiki tano. Nikamwambia mpaka atimize miezi 6, ziwa lake peke yake linatosha, hata maji asimpe. Maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hazimeng'enyi, ni chakula cha bakteria wazuri wa tumbo lake. Akamgeuza mtoto mbele, akaketi juu ya mzigo wangu, akamnyonyesha mpaka gari la Sumbawanga lilipofika.