Safari ya Mpale: Mama, Usimwite Mwanao "Aliyefeli"

Mwezi huu nawaomba tupande mlima pamoja. Safari si ndefu, lakini imenifundisha jambo ambalo ningelijua miaka sita iliyopita, ningemwepusha mwanangu wa kwanza na machozi mengi.

Ukitoka Korogwe mjini kwa barabara kuu iendayo Moshi, mkono wa kulia unaiona milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Mkono wa kushoto ni tambarare na mto Pangani. Njiani kuna mashamba ya mkonge, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Zao hili lililetwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 Tanga nzima ikawa nchi ya mkonge.

Wazee wa huku husimulia kwamba bei ya mkonge ilipoanguka, baada ya kamba za nailoni kuingia sokoni, waliopata shida kuliko wote ni wale waliojua kukata tu. Aliyejua kutengeneza mashine ya korona alichukua vifaa vyake akaenda kutafuta kazi kwingine. Mkata mkonge alirudi nyumbani na panga lake. Nilikuwa nikiliwaza jambo hilo gari letu lilipoiacha lami na kuanza kupanda.

Tulikuwa wanne: mimi, wenzangu wawili wa umoja wa wanawake wa usharika wetu, na dereva. Tulikuwa tunakwenda Mpale kwa huduma ya mkoba, yaani kupima watoto uzito, kutoa chanjo na kuzungumza na akina mama. Barabara ni ya mawe na kona kali. Mwenzangu mmoja alianza kuimba pambio, na kila kona tulipaza sauti zaidi. Kadiri tulivyopanda, joto la bondeni lilibaki nyuma, na migomba, mahindi na maharage vikatupokea.

"Onga mshi!" bibi mmoja alitusalimu kwa Kisambaa, kuni kichwani. Tukaitika, naye akacheka kusikia Kisambaa chetu cha mjini.

Umeme mlimani

Mpale ina historia yake katika habari za umeme. Katika miaka ya 2010, kabla ya vijiji vingi vya milimani kufikiriwa, kampuni ya Kitanzania iitwayo Ensol ilijenga hapa mtambo wa umeme wa jua na kuunganisha nyumba za kijiji. Baadaye mpango wa umeme vijijini uliendelea nchi nzima, na kufikia mwaka 2024 serikali ilikuwa karibu kukamilisha kuvifikia vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara.

Sasa hebu tufikiri, akina mama. Umeme ukifika kijijini, kila nyumba inahitaji kutandazwa nyaya. Kinyozi anahitaji mashine, fundi seremala anataka msumeno wa umeme, mwenye duka anataka jokofu. Je, ni nani atakayevifunga, na vikiharibika ni nani atakayevitengeneza? Ikiwa kila mara lazima fundi apande kutoka mjini, nauli na malipo yake vinashuka mlimani pamoja naye.

Mimi kama muuguzi jambo hili nalijua vizuri. Chanjo tulizobeba siku ile ni lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Jokofu la chanjo likifa katika zahanati ya kijijini, diploma yangu haiwezi kulifufua. Namhitaji kijana mwenye bisibisi. Siku hiyo uhai wa watoto uko mikononi mwake kama ulivyo mikononi mwangu.

Binti chini ya mwembe

Tulitundika mzani kwenye tawi la mwembe. Foleni ilikuwa ndefu. Alikuja binti wa miaka 19 na mtoto wa mwaka mmoja, mwenye afya nzuri, kadi yake safi. Nilimsifu. Akaniangalia, akasema polepole, "Shikamoo sista. Nikuulize kitu ambacho si cha ugonjwa?"

"Marahaba mwanangu, uliza."

Aliniambia kwamba aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba. Jumatatu ile ndugu mmoja angekuja kumchukua ampeleke Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, na mtoto angebaki na bibi yake. Yeye hakutaka kwenda. Mafundi walipokuja kutandaza nyaya katika nyumba ya jirani, aliwashikia tochi na kuwapa koleo siku tatu. Alijua majina ya vifaa vyote. "Sista," akasema, "nataka kujifunza umeme. Mama anasema nimeshafeli, nisimtie aibu mara ya pili."

Baada ya kazi nilimfuata mama yake nyumbani. Alitukaribisha kwa ndizi na maharage, mama mwenye heshima na mikono ya kazi. Nilipoligusa jambo la binti, akaweka sahani chini.

"Sista, msichana apande juu ya paa afunge nyaya? Na mtoto mgongoni? Watu watasemaje? Wa kwanza nilimpeleka ufundi, sikuona faida."

Akanieleza habari ya binti yake mkubwa. Aliuza mbuzi wawili akamlipia ada ya kujifunza cherehani mahali fulani mjini, na jina la mahali hapo silitaji. Cherehani zilikuwa tatu kwa wasichana wengi. Miezi sita baadaye alirudi na karatasi ambayo hakuna mwajiri aliyeitambua, na hakuwa hata na mkasi wake mwenyewe. Tena kijijini wanaojua cherehani walikuwa wameshakuwa wengi kuliko nguo za kushona.

Mama yule hakuwa mkaidi. Alikuwa ameumizwa, na alikuwa anaogopa kuumizwa tena.

Kosa langu mwenyewe

Ndipo nikalazimika kumweleza habari zangu, ambazo sikuwahi kuzisema kwenye kikundi chetu cha maombi.

Mwanangu alimaliza kidato cha nne akapata sifuri. Tangu utoto alikuwa akifungua redio na kuzirudisha. Alipoomba kwenda kusomea ufundi wa majokofu, nilimjibu, "Fundi? Mtoto wa nesi?" Nikamlipia arudie mitihani. Akafeli. Nikamlipia tena. Mara ya tatu hakufeli mtihani, alifeli moyo. Alikuwa halali, hali vizuri, hasemi na mtu. Mimi ninayewahudumia watoto wa wengine sikuiona dalili ndani ya nyumba yangu. Ni baba yake aliyeniambia usiku mmoja, "Mama, kijana huyu hasomi kwa ajili yake, anasoma kwa ajili ya aibu yako."

Maneno yale yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Tulimpeleka ufundi. Leo anafanya kazi na anajitegemea, lakini ile miaka mitatu siwezi kumrudishia. Nimemwomba msamaha.

Tena, akina mama, uuguzi wangu ni nini kama si ufundi? Sikujifunza kudunga sindano kwa kusoma kitabu tu. Nilisimama wodini, mkono ukitetemeka, sista mkuu pembeni akinisahihisha mpaka mkono ukazoea. Kwa nini basi kazi ya mkono wangu niione heshima, na kazi ya mkono wa mwanangu niione adhabu?

Neno la Mungu halina dharau hiyo. Katika Kutoka sura ya 31, Bezaleli anajazwa roho ya Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, mawe na mbao. Mtume Paulo alishona mahema pamoja na Akila na Prisila kule Korintho, na Prisila alikuwa mwanamke. Na Bwana wetu mwenyewe, watu wa kwao walimjua kama seremala.

Hapa hapa Korogwe, katika milima hii, iko hospitali ya Lutindi. Ilianzishwa mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, kisha ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko kazi za mikono na za shamba ni sehemu ya tiba. Kama kazi ya mikono husaidia kuponya akili iliyougua, mbona tunawaambia watoto wetu kwamba inawashusha?

Milango iliyo wazi

Nilimweleza mama yule mambo ambayo nawaeleza na ninyi.

Mwaka 1975 serikali yetu ilianza vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa kuiga mfano wa nchi ya Sweden. Viko 54, na kimoja kiko Handeni. Kupitia mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, vyuo hivi vimewapokea wasichana walioacha shule, pamoja na wenye watoto. Tena tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyeacha shule kwa ujauzito arudi shuleni. Mlango uliofungwa kwa miaka mingi umefunguliwa, na wazazi wengi wa vijijini bado hawajaambiwa.

VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na serikali imeazimia kila wilaya iwe na chuo chake. Vyeti vyake vina ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, hivyo kijana anaweza kupanda hatua kwa hatua. Na yule aliyejifunza gereji au kwa fundi wa mtaani bila kukaa darasani, ujuzi wake unaweza kupimwa akapewa cheti.

Kabla hujauza mbuzi

Kwa ajili ya mama yule na mbuzi wake wawili, niliandika maswali haya nyuma ya kadi. Yakate uyaweke.

1. Je, mtoto mwenyewe anapenda nini? Mtazame anashika nini asipotumwa.

2. Je, kijijini kwetu kazi hiyo ina wateja? Hesabu mafundi waliopo kabla ya kuongeza mwingine.

3. Je, chuo kimesajiliwa? Uliza ofisi ya VETA au halmashauri, usiridhike na kibao cha mlangoni.

4. Nenda ukaone karakana kwa macho yako. Vifaa ni vingapi, wanafunzi ni wangapi?

5. Je, kuna muda wa kufanya kazi kwa vitendo chini ya fundi wa kweli?

6. Msichana atalala wapi? Nani ana ufunguo wa bweni? Hapa usione haya kuuliza mara mbili.

7. Akimaliza, vifaa vya kuanzia atavipata wapi? Weka akiba tangu mwanzo. Kumbuka pia kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Jumatatu

Jua lilikuwa linashuka tulipoagana. Mama yule hakusema ndiyo. Alisema tu, "Sista, nitazungumza na baba yake." Binti alitusindikiza mpaka garini, mtoto mgongoni, akanyamaza. Tulishika mikono tukaomba.

Usiku ule sikupata usingizi vizuri. Nilihofu pengine nimeingilia nyumba ya watu. Jumanne mchana simu yangu ililia. Alikuwa mama yake.

"Sista, yule ndugu alikuja jana. Nimempa ndizi za kupeleka mjini. Binti nimembakiza. Sasa niambie, huko Handeni tunaanza kwa kumwona nani?"

Wiki iliyofuata walishuka wote wawili, pamoja na mtoto. Barua ya maombi tuliiandika mezani kwangu. Binti aliandika kwa mkono wake, mama yake akishika kalamu ya akiba kama mtu anayesubiri zamu. Mambo ya ada bado tunayahangaikia, na umoja wetu wa wanawake umeahidi kuchangia sehemu. Safari yake bado ni ndefu. Lakini basi la Dar es Salaam liliondoka Jumatatu ile bila yeye.

Mama mpendwa, pengine nawe una mtoto nyumbani ambaye matokeo yake yamekuinamisha kichwa. Jioni ya leo kaa naye. Usianze na mtihani. Muulize mikono yake inapenda kufanya nini, kisha unyamaze usikilize mpaka mwisho. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Mungu awabariki ninyi na kazi za mikono ya watoto wenu. Amina.