Mzigo kwa Kadiri ya Mbebaji

Wengi wetu hupima thamani ya chombo kwa upya wake. Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Mimi nami nilikuwa katika kundi hilo, msomaji wangu, mpaka kipakatalishi kikuukuu kiliponitia adabu.

Kilikuwa mali ya marehemu kaka yangu, aliyekinunua mwaka 2010. Kumbukumbu yake ilikuwa gigabaiti 2 tu, na kiliendeshwa kwa Windows 10, mfumo ambao msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Aliyekiwasha aliweza kuchemsha chai na kuinywa kabla hakijawa tayari. Binti wa kaka, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikitaka kwa masomo yake. Fundi mmoja alikitazama kwa dharau, akasema kinafaa kuuzwa kwa vipuri. Neno hilo lilinichoma, maana ndani yake mlikuwa na picha na barua za kaka zisizokuwa na nakala mahali pengine popote.

Ndipo nilipogeukia Linux. Kiini cha mfumo huu kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki. Kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuugeuza na kuugawa. Kwa hiyo umezaa matoleo mengi: Debian mwaka 1993, Ubuntu mwaka 2004, Linux Mint mwaka 2006, na mengine tele. Wingi huu ni neema, lakini ni mtihani pia.

Kwanza nilichagua kwa macho. Nilitwaa toleo lenye sura ya kupendeza, na kipakatalishi kikahema kama punda aliyetwishwa magunia kupita kiasi. Nusura nikubali neno la fundi. Bahati yangu ni kuwa nililijaribu toleo hilo kutoka katika flashi, bila kuigusa diski. Laiti ningalilisakinisha kwa pupa na kuifuta diski, barua za kaka zingalipotea milele. Wazo hilo lilinitetemesha. Siku hiyo hiyo nikazinakili zote.

Baada ya hapo niliacha kuuliza lipi ni zuri, nikauliza lipi linafaa. Je, prosesa ni ya biti 32 au 64? Matoleo mengi makubwa yameziacha zile za biti 32. Je, kumbukumbu ni kiasi gani? Toleo moja laweza kuvaa sura mbalimbali; Xfce na LXQt ni nyepesi, nyingine hula sana. Je, Wi-Fi yatambuliwa? Je, marekebisho ya usalama yatadumu miaka mingapi? Majibu yalinifikisha kwa Debian yenye sura ya Xfce. Kisha niliongeza kumbukumbu ikafika gigabaiti 4, na mahali pa diski ya zamani nikatia ya SSD.

Sitakudanganya, msomaji. Ukifungua kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja, mzee huyu bado hukohoa, kwani kivinjari ni mlaji mkubwa, na hakuna toleo liwezalo kumfunga kinywa. Lakini kwa kusoma, kuandika na kupiga hesabu, anatosha.

Nilipomkabidhi binti yule, aliuliza, “Baba mdogo, kumbe kimefufuka?”

“Hakikuwa kimekufa, mwanangu,” nilijibu. “Kilikuwa kimeelemewa.”

Jambo la kwanza alilolifungua halikuwa somo. Ilikuwa barua ya baba yake. Aliisoma kimya, nami nikatoka nje nimwache naye.

Basi, kabla hujakitupa chombo kilichokutumikia, kichunguze kama kimekwisha nguvu au kimezidishiwa mzigo. Na kabla hujakipa mzigo mwingine, kwanza okoa kilichomo ndani yake.