Fedha Iliopolewa, na Watu Je?

Kila tarehe 21 Mei mama yangu hunichukua kwenda makaburi ya Igoma, walikozikwa watu wa MV Bukoba, meli iliyozama mwaka 1996. Mjomba wangu alikuwamo, lakini mwili wake haukutambuliwa. Mama huchagua kaburi moja lisilo na jina, akalifagia, akaomba dua. Husema, "Walau sisi tuna mahali pa kuja."

Niliyakumbuka maneno hayo niliposoma habari za Tilawa, meli ya kampuni ya British India iliyokuwa ikiwaleta Wahindi Afrika Mashariki: mafundi, wenye maduka, na wake waliowafuata waume zao. Waliokuja Mwanza kwa njia ya Mombasa walipanda gari moshi hadi Kisumu, kisha wakavuka ziwa.

Tarehe 20 Novemba 1942, vita vikiwa vimepamba moto, Tilawa iling'oa nanga Bombay kuelekea Mombasa, ikiwa na watu 958. Usiku wa kuamkia tarehe 23, nyambizi ya Kijapani I-29 iliipiga kwa topido. Watu walikimbilia mashua. Meli haikuzama papo hapo. Ndipo topido la pili lilipoimaliza. Watu 678 waliokolewa, wengi wao na manowari ya Kiingereza Birmingham. Waliobaki, 280, walimezwa na bahari.

Melini mlikuwamo pia mikuo 2,364 ya fedha iliyokuwa ikipelekwa Afrika Kusini. Mwaka 2017 ilikwisha kuopolewa kutoka kina cha kilometa mbili na nusu. Ikazuka kesi iliyofika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na mwaka 2024 Afrika Kusini ikashinda.

Naam, fedha ilihesabiwa mkuo kwa mkuo. Bali jamaa za waliokufa walikusanyika Mumbai kuwakumbuka tarehe 23 Novemba 2022, miaka 80 baadaye. Hawana kaburi la kufagia. Walichobaki nacho ni majina na masimulizi.

Mwaka huu, tuliporudi kutoka Igoma, nilichukua daftari nikamwomba mama anisimulie. Niliandika jina la mjomba, kazi yake, na jinsi alivyopenda kucheka kabla ya kumaliza hadithi yake mwenyewe. Mama alilia, kisha akacheka.

Nawe msomaji, waulize wazee wako wangalipo. Mali iliyozama ina wa kuitafuta. Jina likizama, hakuna mzamiaji.