Makole: Kobe mtoto na Dodoma ndani ya boksi

Ukishuka Dodoma siku hizi usitegemee kile kimji cha vumbi ulichosimuliwa na wazee. Serikali ilihamia kwa kishindo kuanzia mwaka 2016, hadhi ya jiji ikaja mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakuleta toka Dar kabla hujamaliza stori na jirani yako wa kiti. Kila kona fundi anapiga zege.

Makole nayo imo kwenye mchakamchaka huo. Ipo pua na mdomo na katikati ya jiji, na wengi wanaijua kwa kile kituo chake cha afya. Pita mitaani asubuhi umsalimie mama wa Kigogo "Mbukwa!" uone atakavyokuchangamkia. Jioni vijana wako kijiweni wanabishana mpira, na upepo wa nyanda za juu unakupuliza mpaka unatamani sweta.

Sasa mji ukitanuka, kuna wenyeji wasio na hati ya kiwanja wanaobanwa. Nazungumzia kobe, bwana. Mvua za Dodoma huanza karibu na Desemba, udongo uliokauka kama tofali unalainika, na hapo ndipo vitoto vya kobe mwenye madoa vinachomoza ardhini. Yai linaweza kukaa humo zaidi ya miezi minane likisubiri. Kinatoka kiumbe cha ukubwa wa kiberiti, gamba lingali laini, na mbele yake kuna kunguru, paka, siafu na tairi la lori la mchanga.

Mmoja wa hao aliokotwa na mpwa wangu, kwenye kifusi cha mawe pembeni ya jiji, akaletwa Makole mfukoni mwa kaptula. Mie nilikuwa mgeni hapo kwa dada. Kabla hata hatujakaa sawa, jamaa mmoja wa kijiweni akamwita dogo chemba na kumwonyesha noti nyekundu. Elfu kumi! Mtoto wa darasa la tano, hebu fikiria.

"Mjomba, nimuuze?" akaniuliza.

Dada akadakia toka jikoni: "Thubutu! Huyo si kuku wako."

Na kweli si kuku. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma. Kumkamata, kumfuga au kumuuza bila kibali ni kujitafutia kesi. Dada akapiga simu kwa afisa wanyamapori, akajibiwa kwamba watakuja kumchukua keshokutwa, tumtunze na tusimsumbue. Basi tukawa na siku mbili za kumpangisha mheshimiwa.

Wengi wangemtumbukiza kwenye ndoo na kipande cha mkate. Hapo umemuua! Kobe mtoto anataka sanduku pana lenye kuta zisizopitisha mwanga, maana akiona nje atasukuma ukuta kutwa nzima mpaka achoke. Tulichukua sanduku la mbao la nyanya, tukaziba mianya kwa kadibodi, tukamwaga udongo mkavu kina cha vidole vinne. Upande mmoja tukaweka nyasi na kigae cha chungu kilichovunjika, apate pango la kujificha. Usiku, upande wa pili, ikawaka balbu ya kizamani ile inayotoa joto, imening'inizwa juu asiungue. Lazima pawe na upande wa joto na upande wa ubaridi. Yeye hana hita mwilini, anahama mwenyewe.

Maji tulimwekea kwenye kifuniko cha ndoo, kina kisichozidi kidevu chake, na asubuhi akakaa humo dakika kumi akinywa na kuoga kwa mkupuo. Chakula? Nyasi changa, mchunga na maua ya haibiskasi. Ugali, maziwa na nyama weka mbali. Mchicha pia usiufanye mlo wa kila siku, unazuia chokaa anayohitaji kwa gamba. Na jua lazima apigwe moja kwa moja, kwa sababu kioo cha dirisha kinazuia ile miale inayoujenga mfupa. Akatolewa barazani, wavu juu kwa ajili ya kunguru, kivuli pembeni. Kila aliyemshika alinawa kwa sabuni, kwani kobe hubeba vijidudu vya kuharisha.

Nikitazama lile sanduku nikacheka peke yangu. Mawe, udongo, jua kali, baridi ya usiku, tone la maji. Tulikuwa tunaitengeneza Dodoma upya, ndani ya chumba, wakati Dodoma yenyewe iko hapo nje bure! Na hata hivyo yetu ilitosha siku mbili tu. Kobe huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 50 na kufikia uzito wa mfuko wa unga na zaidi. Nani Makole ana sanduku hilo?

Ukisikia noti ya elfu kumi usidhani ni utani wa kijiweni. Binamu yake, yule kobe bapa kama chapati anayejibana kwenye nyufa za miamba ya Tanzania na Kenya, alisombwa sana kwenda kufugwa Ulaya na Marekani. Jike hutaga kwa kawaida yai moja moja, hivyo akiondolewa mmoja pengo halizibiki leo wala kesho. Mwaka 2019 mkataba wa CITES ulimpandisha kwenye orodha kali kabisa, biashara ya kimataifa ya wale wa porini ikapigwa stop.

Afisa alifika kama alivyoahidi. Dogo alinuna, machozi yakamlengalenga, ila mwenyewe ndiye aliyebeba sanduku mpaka kwenye gari na kuuliza mara tatu kama huko waendako kuna mchunga.

Kwa hiyo washikaji, mkija Dodoma njooni mle zabibu, mpande vilima vya mawe, mpige picha. Mkikuta kobe mdogo porini, mpisheni apite. Akiwa hatarini mjini, tafuteni ofisi ya wanyamapori, na sanduku la nyanya liwe la kusubiria tu.